Beseni la Miguu na Mgeni wa Safu ya Nyuma



Mwaka 2007 chuo kimoja cha miaka miwili mjini Minneapolis, Marekani, kiliingia katika mabishano makali kwa sababu ya beseni. Wanafunzi wake Waislamu, wengi wao Wasomali, walikuwa wakitawadha katika masinki ya kunawia mikono, na mmoja wao aliteleza akaumia. Uongozi ulipofikiria kuweka mahali pa kuoshea miguu, wakazuka watu kudai kwamba fedha za umma zinajenga dini. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Michigan, tawi la Dearborn, kilitangaza kutenga dola 25,000 kwa kazi kama hiyo, na kelele zikawa zilezile.

Fikirieni kijana mweusi, Mwislamu na mtoto wa wakimbizi. Mgeni mara tatu. Kusajiliwa alisajiliwa. Lakini anapoinua mguu juu ya sinki huku wenzake wakimkodolea macho, ndipo anapojua kama chuo ni chake au amepanga tu.

Hapa Bunda, alhamdulillah, hakuna anayegombania beseni. Misikiti yetu ina maji, siku yanapotoka. Tunao, hata hivyo, vijana wa Chuo cha Ualimu na wa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa, waliotoka mikoa ya mbali. Huja Ijumaa, husimama safu ya nyuma, na imamu akishatoa salamu huondoka. Wapo wanaomaliza masomo pasi na mwenyeji hata mmoja kuwauliza majina.

Mtume (s.a.w.) alipofika Madina hakuwaachia Muhajirina msikiti peke yake. Aliwaunga udugu na Answari, mtu kwa mtu. Abdurrahman bin Auf alipotolewa nusu ya mali na nduguye Saad bin Rabii, aliikataa, akaomba aoneshwe soko. Mwanafunzi naye hahitaji makubwa: aoneshwe duka lisilomlangua, na ajue mlango wa kubisha homa inapompata usiku.

Kamati yetu inaomba kila familia imchukue mwanafunzi mmoja, ale nao walau mara moja kwa juma. Si lazima pilau. Ugali kwa dagaa unatosha. Majina tunayapokea baada ya swala ya Ijumaa. Kwa wanafunzi wa kike, mama wa nyumba ndiye aje kujiandikisha.