Sampuli isafiri, mgonjwa abaki Mnero

KUSINI KWETU
Na Somoe Mtopela

Basi linaloondoka Nachingwea alfajiri lina safari ya zaidi ya kilomita 500 mbele yake: Mingoyo, Nangurukuru, Somanga, Daraja la Mkapa, Ikwiriri, hatimaye Mbagala. Ndani yake, mara nyingi, yumo mgonjwa wa saratani na ndugu anayemsindikiza kwenda hospitali ya Ocean Road au Muhimbili, Dar es Salaam. Wapo ambao hawaendi hata kuanza matibabu. Wanafuata jibu la kwanza kabisa: uvimbe huu ni nini?

Hospitali ya Mnero, iliyo chini ya Jimbo Katoliki la Lindi, inahudumia watu wa Nachingwea na Ruangwa. Katika hospitali za misheni na za wilaya kama hiyo, daktari anaweza kuupapasa uvimbe, kuupiga ultrasaundi, hata kukata kinyama na kukitia kwenye formalini. Tatizo huanza baada ya hapo. Kinyama kinamhitaji mtaalamu wa patholojia, na wataalamu hao ni wachache na wako mbali. Siku zinageuka wiki.

Wakati huohuo, madaktari wa saratani duniani wanazidi kutegemea kipimo cha vinasaba. Watanzania wengi wanakijua kipimo hicho kwa jambo jingine, kesi za baba na mtoto zinazofikishwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwenye saratani kazi yake ni tofauti. Daktari husoma vinasaba vya uvimbe wenyewe ili ajue ni kosa gani lililoifanya seli isisikie tena amri ya kuacha kugawanyika, na kama ipo dawa inayolilenga kosa hilo. Wakati mwingine husoma vinasaba alivyozaliwa navyo mgonjwa, ili ajue kama dada zake na binti zake nao wako hatarini.

Mtu akidhani hii ni sayansi ya Ulaya iliyoletwa huku jana, historia inamsahihisha. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye akamwona mwingine Jinja, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu na kuzunguka maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi watoto wanaugua uvimbe huo. Ramani waliyoipata ilifuata joto, mvua na malaria. Mtu wa Lindi hahitaji kuelezwa maana ya ramani kama hiyo.

Sampuli za watoto wa Uganda zilipelekwa London kwa ndege, kwa mtafiti Anthony Epstein. Mwishoni mwa 1963 ukungu uliilazimisha ndege moja itue Manchester, na sampuli ikafika imechelewa, maji yake yamechafuka. Badala ya kuitupa, Epstein aliitazama kwa hadubini na kukuta seli hai za uvimbe zikielea. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1964 yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, kile kinachoitwa Epstein-Barr. Kufikia 1982 wanasayansi walikuwa wameonyesha kosa lenyewe: kipande cha kromosomu namba 8, chenye jeni iitwayo MYC, hukatika na mara nyingi huhamia kwenye kromosomu namba 14. Huko jeni hiyo huwashwa na haizimiki. Moja ya milango ya kwanza ya kuielewa saratani kwa njia ya vinasaba ilifunguliwa na watoto wa Afrika Mashariki.

Watoto hao wamelipwa nini? Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye uvimbe wa Burkitt hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na sababu kubwa ni kuchelewa. Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote. Seli zake zinaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Familia ya mkulima wa korosho hupata fedha mnada wa chama cha ushirika cha RUNALI unapofunguliwa, mwezi wa kumi hivi. Mtoto akivimba taya mwezi wa tano, nauli ya Dar es Salaam itakopwa au mbuzi atauzwa, na huku uvimbe unakua.

Hapa ndipo kipimo cha vinasaba kinapogusa Mnero moja kwa moja. Katika mradi uitwao AI-REAL, watafiti wa Muhimbili na chuo kikuu cha MUHAS, wenzao wa Hospitali ya St. Mary's Lacor huko Gulu, Uganda, na Chuo Kikuu cha Oxford chini ya Profesa Anna Schuh, wamekuwa wakichunguza kama damu ya mkononi inaweza kutoa jibu linalosubiriwa kwenye kinyama. Uvimbe unapokua, baadhi ya seli zake hufa na kumwaga vinasaba vyake kwenye damu. Damu hiyo ikisomwa, humo hutafutwa alama za kirusi cha Epstein-Barr na kosa la MYC. Kutoa damu hakuhitaji daktari bingwa wa upasuaji. Na ipo mirija maalumu inayohifadhi vinasaba hivyo siku kadhaa bila jokofu, muda unaotosha barabara ya kusini hata wakati wa masika.

Safu hii inasimama hapo: kwa mgonjwa wa Mnero, kipimo cha vinasaba kina thamani pale jibu lake linapobadilisha dawa atakayopewa, na pale inaposafiri sampuli badala ya mgonjwa. Vipimo vya namna hiyo vipo. Saratani ya damu iitwayo CML husababishwa na kubadilishana vipande kati ya kromosomu namba 9 na 22. Tangu 2001 kumekuwa na kidonge cha imatinibu kinachozima kosa hilo, na anayekimeza bila kuacha anaweza kuishi karibu sawa na watu wengine. Wagonjwa wa Ocean Road wamekipata bure kupitia mpango wa msaada wa kimataifa. Lakini kidonge hicho hapewi mtu mpaka kosa lithibitishwe kwa kipimo.

Kosa hilo linasomwa na mashine ya GeneXpert, ileile ambayo hospitali zetu nyingi zinaitumia kwa kifua kikuu na ambayo hutoa jibu la TB kwa saa zisizozidi mbili. Mashine hiyohiyo hupima kirusi cha HPV kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo hicho kiwe cha kwanza kwa wanawake. Nchini Rwanda, utafiti uliochapishwa 2021 ulitumia GeneXpert kwenye vinyama vya saratani ya titi ili kujua kama vina vipokezi vya homoni. Jibu hilo ndilo linaloamua kama mama apewe tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu, au kitamchosha bure. Kuna haja gani ya mashine kukaa bure mchana kwa sababu sampuli za kifua kikuu zimekwisha asubuhi?

Wapo watakaosema tuanze na vipimo vikubwa vinavyosoma mamia ya jeni kwa mara moja. Kwa sasa haraka hiyo haina msaada mkubwa kwetu. Hazina za kumbukumbu za vinasaba duniani zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, hivyo Mwafrika anayepimwa hupata mara nyingi zaidi jibu la "badiliko lisilojulikana maana yake". Na hata usomaji mkubwa una mipaka. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi wa sampuli 552 za saratani ya umio kutoka nchi nane, zikiwemo Tanzania, Kenya na Malawi, ambako ugonjwa huu ni mwingi. Alama zilizopatikana kwenye vinasaba hazikueleza kwa nini nchi hizi zinaugua kuliko nyingine. Utafiti huo ni muhimu na sampuli zetu lazima ziwemo. Ila mgonjwa asiyeweza kumeza hata uji anahitaji kwanza kuonwa mapema.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha mafao wana nafasi ya kuandika humo, kwa majina, kipimo cha CML, cha HPV na cha vipokezi vya titi, na kile cha damu kwa watoto wenye uvimbe wa Burkitt kikishathibitishwa. Gharama ya kusafirisha sampuli kutoka Mnero, Ruangwa au Liwale ihesabiwe ndani ya bei ya kipimo, na jibu lirudi kwa simu kwa daktari aliyeituma.