BAHARI YAANZIA NYUMA YA NYUMBA ZETU

Ndugu msomaji, kabla hujaufunua ukurasa huu kwa haraka ukitafuta vichekesho na mafumbo, naomba dakika zako chache tu. Nina neno. Limenikaa kooni tangu chama chetu kirudi kutoka Malindi, na wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kifo humwumbua. Leo nalitoa.

Wanachama wenzangu wanakumbuka safari yetu ya mwezi wa pili, katika likizo fupi ya katikati ya muhula. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuiona bahari. Kwetu sisi watoto wa Eastlands, bahari ilikuwa picha kwenye kalenda ya kinyozi: mchanga mweupe, mnazi mmoja uliopinda, na mzungu aliyelala kifudifudi. Ni kweli tuna mtaa wetu wa Kaloleni hapa Nairobi, na kule Kilifi wana mji wao wa Kaloleni, lakini nilidhani undugu wetu na watu wa pwani unakomea hapo kwenye jina.

Baada ya kuutazama Mnara wa Vasco da Gama, yule Mreno aliyefika Malindi mwaka 1498, tulipewa saa moja ya kupumzika. Wengi walikimbilia mchangani kupiga kandanda. Mimi na rafiki yangu tuliomba ruhusa kwa mwalimu tukafuata majabali kuelekea kusini. Maji yalikuwa yamekupwa. Tukapanda jabali, tukateremka jingine, mara tukajikuta ndani ya kijighuba kidogo, upana wake kama madarasa mawili hivi, kimezungukwa na miamba pande tatu. Ukiwa juu barabarani huwezi kujua kama kipo.

Hapakuwa na mchanga wa kwenye kalenda. Palikuwa na vijiwe: vipande vya matumbawe mafu vilivyoviringishwa na maji hata vikawa laini kama mayai ya njiwa. Kila wimbi liliporudi nyuma, vijiwe vile viligongana vikatoa sauti kama ya kunde zinazopetwa kwenye ungo. Mwalimu wetu wa jiografia alitueleza baadaye kwamba hata majabali yenyewe yalikuwa matumbawe hai zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Bahari iliposhuka, yakabaki nchi kavu, na sasa mawimbi yanayatafuna kidogo kidogo na kuchonga mapango na vijighuba kama kile.

Wasomaji wangu, sikuwa nimewahi kusikia kimya namna ile. Mtaani kwetu hata saa nane za usiku kuna redio, kuna mbwa, kuna makanga anayeita abiria wasiokuwepo. Pale palikuwa na wimbi na vijiwe basi. Rafiki yangu, ambaye darasani hanyamazi hata akipigwa kalamu, alinyamaza. Nikajiambia moyoni: hapa hajafika mtu.

Lakini nilipogeuka kutafuta mahali pa kuketi, nikaona. Chini ya jabali, pale maji yanapofika yakijaa, palikuwa na rundo. Chupa za plastiki. Vifuniko vya rangi zote. Majuala yaliyochanika. Pakiti ya maziwa. Patipati moja ya buluu, ya mguu wa kushoto, ndogo, ya mtoto. Kijighuba kisichofikiwa na watu kilikuwa kimefikiwa na takataka zao.

Tulipokuwa tunarudi tulimkuta mzee mmoja mvuvi akishona wavu kivulini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu wangu. Mwatoka wapi?"

"Nairobi, babu. Huko Dandora na Kariobangi."

Akacheka, akaendelea kushona. "Basi nyinyi si wageni. Mvua za vuli zikinyesha huko kwenu, mto waja mwekundu. Kaskazi ikivuma, maji yale yateremka hadi hapa petu. Kila mwaka mto hutuletea salamu zenu."

Rafiki yangu alicheka naye. Mimi nilishikwa na haya, nikashindwa kujibu. Nitawaambieni kwa nini.

Tuichukue ramani, maana hili si jambo la kubahatisha. Mto Nairobi hupita katikati ya jiji, ukaja Gikomba, ukapita Korogocho na Dandora, pale pale ubavuni mwa jaa kuu la taka la jiji letu. Mto Mathare hujiunga nao. Mto Ngong, uliopita Mukuru na Eneo la Viwanda, nao hujiunga huko chini. Maji hayo yote huingia Mto Athi, ukaanguka pale maporomoko ya Fourteen Falls, ukavuka nchi ya Ukambani, ukaingia mbuga ya Tsavo. Ukisha kukutana na Mto Tsavo huitwa Galana. Ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Kisha unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi. Mto ni mmoja, majina ndiyo mengi. Nao ndio mto wa pili kwa urefu katika Kenya, baada ya Tana.

Na mzee yule hakusema kwa kubahatisha. Wakati wa pepo za kaskazi, kati ya Novemba na Machi, mkondo wa maji huyasukuma matope ya Sabaki kusini, kuelekea ghuba ya Malindi na hifadhi yake ya bahari, ambayo pamoja na ile ya Watamu ilianzishwa mwaka 1968. Wakati wa kusi matope huelekezwa kaskazini. Tope likiyafunika matumbawe huyanyima mwanga, nayo hudhoofika. Kasa naye, akiona juala linaelea, hudhani ni yavuyavu, chakula chake, akalimeza.

Hata tukisema kasa si ndugu yetu, watu je? Maji ya mfereji ya Malindi, ya Kilifi na ya sehemu ya Mombasa huvutwa kwenye visima vya Baricho, kando ya mto huo huo wa Sabaki. Mchanga huyachuja na mitambo huyatibu, ni kweli. Lakini je, wewe ungependa jirani wa juu akutupie uchafu kwenye mtungi kwa kuwa una kichujio kizuri?

Sasa nieleze haya yangu. Nilipokuwa shule ya msingi, kazi yangu ya jioni ilikuwa kutupa taka za nyumbani. Mama alinipa karai nikateremka hadi mtoni nyuma ya ploti, nikamwaga, nikatazama vitu vikienda. Ulikuwa mchezo mtamu. Tulishindana na watoto wa jirani, chupa ya nani itafika darajani kwanza. Sikuwahi kujiuliza itafika wapi baada ya daraja. Siwezi kuapa kwamba ile patipati ya buluu ilitoka kwetu. Bahari ina njia nyingi; takataka nyingine hutupwa Malindi kwenyewe, na nyingine huletwa na mikondo kutoka nchi za mbali. Lakini siwezi pia kuapa kwamba haikutoka kwetu.

Najua kuna watakaonipinga. Nimekwisha kuwasikia bwenini. Wa kwanza anasema: "Wacha maneno! Lori la taka halifiki mtaani kwetu. Unataka nile hizo taka?" Ana haki. Mama yangu hakuwa mchafu. Hakuwa na pengine pa kumwaga. Anayelipa kodi anastahili kuchukuliwa taka zake, awe wa Lavington awe wa Kayole. Hilo tulidai, tena kwa sauti. Lakini kudai haki hakutuzuii kujizuia. Mwenye njaa anaweza kumdai tajiri wake mshahara na wakati huo huo asiibe kuku wa jirani.

Wa pili anasema: "Viwanda ndivyo vinavyochafua mto, sisi ni mchwa tu." Naye ana haki kwa nusu. Sumu ya kiwandani na maji ya choo ni mabaya kuliko chupa yangu, na sheria iwashike wenye nguvu kwanza. Ila ule rundo niliouona kijighubani haukuwa sumu ya kiwandani. Ulikuwa vitu vya jikoni na vya miguuni, vitu vyetu sisi wananchi wa kawaida. Na mchwa, tukumbuke, ndiye anayeangusha nyumba.

Wa tatu, huyu ndiye ananiuma zaidi, anasema: "Haiwezekani. Nairobi ni Nairobi." Huyu namjibu kwa mifano. Mwaka 1989 waliposema jengo la ghorofa 60 litajengwa ndani ya Uhuru Park, Profesa Wangari Maathai alikataa, akatukanwa, lakini jengo halikujengwa na bustani ipo. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira, kati ya mwaka 2008 na 2012, alisimamia usafishaji wa Mto Nairobi, na bustani iliyo ukingoni mwake pale mjini ina jina lake. Tarehe 28 Agosti 2017 majuala ya plastiki yalipigwa marufuku nchini. Wengi tulicheka tukasema nyama itafungwa na nini. Leo tunabeba vikapu, wala hatujafa. Na hatuna haja ya kwenda mbali: vijana wa Korogocho wamegeuza sehemu ya ukingo wa mto, iliyokuwa jalala na maficho ya wahuni, kuwa bustani ambamo watoto wanacheza. Hao si mawaziri. Ni watu wa rika la kaka zetu.

Tena tusidhani tunawafanyia hisani watu wa pwani. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hatujayasahau. Mto ulipofura ulituingilia sisi kwanza, Mathare na Mukuru, ukabeba nyumba na roho za watu. Mto uliozibwa na taka haungoji kufika Malindi ndipo ulipize kisasi.

Basi, mimi napendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu cha Kiswahili kishirikiane na kile cha mazingira kuchukua kipande kimoja cha mto, mita mia mbili tu, kilicho karibu na shule yetu, na kukisafisha kila mwezi. Pili, tuandike barua kwa serikali ya kaunti kudai lori la taka lifike mitaani siku zinazojulikana, nasi tuiandike kwa Kiswahili sanifu, maana lugha tunayoitukuza kwenye mashindano ya ngonjera ifanye na kazi pia. Tatu, safari yetu nyingine ya pwani, Mungu akijalia, ianzie mtoni na siyo kwenye basi. Kila anayetaka kuiona bahari aende kwanza auone mwanzo wake.

Kuna mwenzangu aliyeniuliza kijighuba kile kiko wapi hasa, naye aende akakione. Sikumwambia. Si choyo. Nilimwambia akitaka kukijua ateremke nyuma ya ploti yake, akae ukingoni, atazame maji yanakwenda wapi.

Na ewe msomaji unayeufunga ukurasa huu na ganda la biskuti mkononi: dirisha la darasa letu linatazama mtaro, mtaro unakwenda mtoni, na mto umeshakueleza unakokwenda. Pipa liko mlangoni. Hatua nne tu.