MGUU UMETEGUKA, MAJI YA MOTO YA NINI?

Mguu wangu wa kulia bado unanichezea, na leo nataka tuuongelee huo huo.

Wiki tatu zilizopita, Jumapili jioni, nilikuwa nimejilaza zangu sebuleni, mara nikasikia kelele uani. Kutoka nje, namkuta mdogo wangu kabebwa na washikaji wawili, mguu mmoja unaning'inia. Kiwanja chao cha ndimu kina shimo karibu na kona, mtaa mzima unalijua, na dogo kaenda kulikanyaga akiwa kwenye spidi kali. Kifundo kilikuwa kimeshavimba kama andazi. Kuja kuangalia jikoni, Mama kashabandika sufuria.

"Mama, hayo maji ni ya chai au ya mguu?"

"Ya mguu, baba. Na mtoto nimeshamtuma akamwite mzee wa kukanda."

Jamani, jasho lilinitoka! Mwaka 2014 na mimi niliteguka hivyo hivyo. Nikakandwa kwa maji ya moto, nikavutwa mpaka nikaona nyota mchana kweupe, wiki nzima. Siku ya nane nikapelekwa hospitali, eksirei ikaonyesha mfupa una ufa. Nikafungwa hogo wiki sita, kibarua nilichokuwa nimekipata juzijuzi tu kikaota nyasi, na mpaka leo nikishuka vibaya kwenye daladala mguu unakwenda upande wenyewe.

Kwa nini kifundo kinapenda kuteguka, tena karibu kila mara mguu ukigeukia ndani? Jishike hapo ulipo. Lile fundo la mfupa la upande wa nje limeshuka chini kuliko la ndani, kwa hiyo kwa ndani mguu una nafasi ya kupinda, kwa nje umezuiwa. Halafu kano zinazoshikilia upande wa ndani ni pana na ngumu, za nje ni tatu nyembamba. Ukikanyaga shimo uzito wote unaziangukia hizo nyembamba. Zinavutika, au zinachanika kabisa. Dada zangu wa viatu virefu, msicheke, maana kisigino kinapokuwa juu kifundo kinalegea, na kijishimo kidogo tu kinatosha kukuangusha.

Sasa kano ikichanika, mishipa midogo ya damu nayo inapasuka. Maji ya moto yanaongeza damu pale pale, uvimbe unapanda. Na kuvuta mguu ambao hujui kama umevunjika, hiyo ni kamari.

Nikamwambia Mama asubiri kidogo. Kuna kipimo walichotoa madaktari wa Ottawa, Canada, mwaka 1992, kupunguza watu kupigwa eksirei bila sababu. Wanabonyeza mfupa wenyewe, ncha na ukingo wa nyuma wa yale mafundo mawili, na sehemu mbili za katikati ya mguu, moja kila upande. Mfupa ukiuma, eksirei. Mgonjwa akishindwa kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea, eksirei. Mimi si dokta, kwa hiyo dogo alipochechemea hatua zake nne huku akilia kama mtoto, bado tulimpeleka zahanati akabonyezwe na mwenye kazi yake. Mfupa mzima. Kano tu.

Mzee wa kukanda alipofika tulimpa chai. Maji yalikuwa yameshachemka, yangeenda wapi?

Barafu tulichukua kwa jirani, zile za ubuyu za kwenye vifuko, tukazizungushia khanga, dakika kumi na tano mguuni kisha zinatolewa. (Zilizoyeyuka dogo alizinywa zote.) Bandeji ya kubana, mguu juu ya mito. Ila na barafu usizidishe. Dokta Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeieneza habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1978, mwaka 2014 alikiri mwenyewe kwamba barafu nyingi inaweza kuchelewesha kupona, maana uvimbe nao ni kazi ya mwili kujitibu. Itumie kutuliza maumivu saa za mwanzo, basi.

Kasheshe ikaja Ijumaa, dogo anataka kucheza fainali Jumapili! Uvimbe umepungua, anaruka ruka. Nikamkumbusha Ronaldo wa Brazil: Novemba 1999 aliumia goti, akasubiri karibu miezi mitano, akaingia uwanjani Aprili 12, 2000 dhidi ya Lazio, na dakika chache tu baadaye goti likakatika vibaya zaidi. Huyo ni Ronaldo na madaktari wake, wewe una bandeji ya kuazima. Alinuna siku mbili. Timu yake ikafungwa, lawama zote kwangu.

Kinachomrudisha mtu uwanjani ni mazoezi, kwa sababu ndani ya kano kuna vijineva vinavyoupa ubongo habari mguu umekaaje, na kano ikichanika habari hizo zinachelewa. Ndiyo maana aliyeteguka mara moja huteguka tena. Dawa yake haina gharama: maumivu yakiisha, simama kwa mguu mmoja, kila siku.

Juzi asubuhi dogo kasimama uani kama korongo, anapiga mswaki. Namhesabia, naona raha. Mama akatoka jikoni.

"Na wewe vua ndala, simama na wako tuone."

Nilifika sekunde nane.