SAFU YA NYUMBANI NA SHULENI: Gari ilijua kutembea kabla ya kujua kusimama

Mwezi huu wengi mmenisimamisha njiani mkiniuliza, "Mwalimu, ile pikapu yenu kweli inatembea?" Ndiyo, inatembea. Lakini kuna siku ilitembea bila kujua kusimama, na kosa lilikuwa langu. Ndiyo habari ya leo.

Gari yenyewe ni Toyota Hilux ya zamani, injini ya dizeli ya silinda nne, ile inayoitwa 2L. Ilikaa miaka minne nyuma ya ghala la mnunuzi wa mahindi hapa Nakivale, kuku wanatagia ndani. Mnunuzi huyo alikuwa na deni la baba mdogo, akashindwa kulipa, akatoa gari. Baba mdogo hakuipokea hivihivi. Alidai kwanza kadi ya gari, akalinganisha namba ya chesisi na ile iliyoandikwa kwenye kadi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kumiliki mali ya namna hii, lakini gari bila karatasi ni kesi unajinunulia mwenyewe.

Mama hakufurahi. Alisema, "Mahindi tungekula. Hiyo chuma nani ataikula?" Alikuwa na haki, maana pesa iliyobaki nyumbani ilikuwa ya ada ya mdogo wangu wa kike wa sekondari. Tukakaa kikao. Tukakubaliana kutumia nusu yake, na gari ikipona ibebe mavuno ya majirani, irudishe ada kabla shule haijafunguliwa.

Baba mdogo aliwahi kuwa dereva kule Uvira, ila dereva si fundi. Mimi nilikuwa sijawahi kushika spana. Basi tukagawana kazi. Kadogo wetu wa darasa la tatu aliandika namba kwa chaki kwenye makopo ya maziwa: kopo la kwanza nati za gurudumu la mbele, la pili bolti za filta, na kuendelea. Koko alikaa na makopo chini ya mti, mtu asichezee. Mdogo wangu alipiga picha kwa simu kabla hatujafungua kitu chochote. Bila picha hizo na makopo hayo, mpaka leo tungekuwa tunatafuta waya gani unaenda wapi.

Injini tuliifanya polepole. Tulimwaga dizeli ya zamani, chini ya tangi tukakuta maji na matope. Tulibadilisha filta, oili na mkanda wa taimingi, maana mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni na kila kitu kinaharibika. Kabla ya kuwasha tulizungusha injini kwa mkono, kwa spana, kuona kama haijashikana. Halafu tukapampu kwa mkono pale juu ya filta mpaka hewa ikatoka. Siku ilipowaka, moshi mweupe ulijaa uwanja mzima na majirani wakapiga vigelegele. Hapo ndipo kichwa changu kilipovimba.

Kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa karibu kikauke. Baba mdogo alinituma sokoni Base Camp kununua. Mimi nikaona oili mpya ya injini imebaki kwenye galoni, nikajisemea mafuta ni mafuta, nikajaza ile na pesa nikairudisha mfukoni. Nilidhani nimeokoa ada. Jumamosi hiyo tuliendesha uwanjani, breki zikashika vizuri. Sikusema kitu.

Jumanne tukashuka mteremko wa kwenda bombani, watoto watatu nyuma na madumu. Kwanza tulisikia harufu ya kuungua, magurudumu yamekaza yenyewe. Tukasimama, yakaachia, tukaendelea. Kosa la pili. Katikati ya mteremko baba mdogo alikanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini. Hendibreki, waya wake ulikuwa umeshikwa na kutu. Mbele yetu kulikuwa na foleni ya kina mama bombani. Alirudisha gia mpaka ya kwanza, akapiga honi, akakata usukani, akaingia kwenye kichuguu. Taa moja ilivunjika. Mtu hakuumia vibaya, tunamshukuru Mungu. Mama alikuja mbio. Hakunigombeza. Alihesabu watoto, akawahesabu tena.

Jioni nilikiri mbele ya wote. Fundi wa sokoni alipofungua alituonyesha: raba zote za breki zimevimba kama maharage yaliyolowekwa. Oili ya injini inaharibu raba za breki. Ilibidi kubadilisha kuanzia masta silinda mpaka magurudumu yote manne na kuosha mabomba. Nusu ya ada iliyobaki ikaishia hapo. Mdogo wangu alichelewa kuingia darasani wiki mbili. Pesa niliyookoa haikutosha hata kununua madaftari yake.

Na bado ni yeye aliyekaa kwenye kiti kukanyaga breki tulipotoa hewa. Kazi hii inataka watu wawili wanaosikilizana. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nati ndogo kwenye gurudumu, hewa na mafuta vinatoka kwa mpira mwembamba kuingia kwenye chupa. Nati inafungwa kwanza, ndipo mguu unaachia. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Yeye anaita, "Nimekanyaga, yaya!" Mimi najibu, "Nimefunga, achia!" Tuliita hivyo mpaka giza likaingia.

Sasa gari inabeba mahindi. Ada ya muhula huu imelipwa, ila deni la fundi bado kidogo.

Kwa familia inayotaka kufufua gari, pikipiki au hata baiskeli, naacha haya:

1. Karatasi kwanza, pesa baadaye.
2. Tengeneza breki kabla ya injini, na hendibreki usiisahau.
3. Mafuta ya breki ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo chake, si mengine.
4. Usiingie chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake. Weka magogo imara.
5. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Mimi ningesema Jumamosi, Jumanne isingetokea.

Mtoto wako akikuuliza kwa nini mwalimu ana kovu kwenye paji la uso, mwambie ni la kichuguu. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.