Neno la Mhariri: Ahamishwe na Riziki Yake

Kila masika habari ni ile ile. Mvua inanyesha usiku kucha, asubuhi redio inatangaza kwamba Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani, Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yamesimama, na picha za watu waliokwea mapaa zinaanza kuzunguka kwenye simu. Sisi wa Nyarero, Tarime, tunazipokea picha hizo tukiwa kwenye baridi yetu ya milimani, ambako mvua ikinyesha maji hushuka yakaenda zake. Hapo hakosi mtu wa kusema, "Si wahame tu?"

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya swali hilo. Msimamo wetu tunautaja mapema, ili atakayetupinga ajue pa kuanzia: Dar es Salaam haihamishiki wala haifai kuhamishwa, lakini bonde la Msimbazi halifai kujengwa tena kama lilivyokuwa. Anayetolewa humo atolewe pamoja na riziki yake. Akihamishwa yeye peke yake, fedha za kumhamisha zimetupwa.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, na kuingia baharini penye Daraja la Salenda. Mchanga unaoshuka nao umekuwa ukipunguza kina cha mto mwaka hadi mwaka. Ramani kuu ya jiji ya mwaka 1979 ililitaja bonde hilo kuwa eneo la hatari. Watu walijenga hata hivyo, na serikali ikawapelekea umeme, maji na wenyeviti wa mitaa. Kisha ikaja Desemba 2011, mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijapata kuonekana tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa. Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji.

Wengi walikwenda, wakapewa mahema. Wapo waliokaa wakajenga, na leo Mabwepande ni mji. Wapo pia waliouza viwanja wakarudi bondeni, na hao ndio wanaoitwa wakaidi. Mkataa pema, husemwa, pabaya panamwita. Lakini hebu mtazame huyo mkaidi kwa karibu. Ni mbebaji mizigo Kariakoo, au mama anayeuza vitumbua alfajiri kwenye kituo cha daladala. Kutoka Kigogo au Hananasif anafika kazini kwa miguu. Kutoka Mabwepande, nauli ya kwenda na kurudi inakula sehemu kubwa ya anachopata, na alfajiri ya vitumbua inakuwa imeshapita. Bondeni chumba ni cha bei nafuu kwa sababu kina mafuriko, naye anajua. Ndiyo maana ameinua kizingiti cha mlango kwa matofali hadi magotini, kitanda amekipandisha juu ya matofali mengine, na nyuma ya nyumba amepanga viroba vya mchanga na matairi chakavu kuzuia kingo zisimeguke. Mtu anayefanya hayo yote amekwisha kupiga hesabu zake, na amekuta kwamba siku chache za maji kwa mwaka zina nafuu kuliko nauli ya kila siku.

Hesabu hiyo haikuanzia Dar es Salaam. Baada ya mafuriko ya Rufiji ya 1968, serikali iliwatoa Warufiji bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vipya nyanda za juu. Nia ilikuwa njema, na kwa usalama wa roho za watu ilikuwa sahihi. Lakini rutuba ilibaki chini. Mrufiji hulima mlau, mazao yanayopandwa kwenye unyevu maji yanapopungua. Mafuriko yaliyomtoa ndiyo yaliyomlisha. Kwa hiyo aliendelea kushuka, akalala kwenye dungu lake lililoinuliwa juu ya nguzo akilinda shamba. Zaidi ya nusu karne baadaye, Aprili 2024, maji yalijaa tena Rufiji na Kibiti, na watu walikuwa bado wako bondeni.

Mfano wa tatu unatoka visiwani. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika. Mji wa Zanzibar ulijengwa upya palepale kwa sababu bandari ilikuwa palepale. Zao ndilo lililohama: Pemba ikawa kisiwa cha karafuu, na wachumaji wakalifuata. Vivyo hivyo Beira ya Msumbiji, baada ya kimbunga Idai cha Machi 2019. Mji ulivurugwa vibaya, lakini hakuna aliyeweza kuuhamisha, kwa kuwa Zimbabwe na Malawi zinapitisha shehena zao hapo. Hata New Orleans ya Marekani, iliyofunikwa na maji kwa asilimia 80 mwaka 2005, ilijengwa tena, na waliochelewa kurudi au wasiorudi kabisa walikuwa hasa maskini na weusi.

Kwa nini jarida la Tarime liingie katika mambo ya Dar es Salaam? Kwanza, vijana wetu ni miongoni mwa wanaopanga vyumba huko. Pili, kuhamishwa tunakujua. Tangu mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, Nyamongo, ulipo mgodi huo, imekuwa darasa la uthamini na fidia. Tumeona tegesha zikichomoza usiku mmoja, nyumba ambazo hakuna aliyewahi kulala ndani, zikimngoja mthamini. Tumeona pia mpangaji akiondoka mikono mitupu, kwa kuwa fidia ni ya mwenye nyumba. Mtu wa Tarime ana la kumwambia mtu wa Msimbazi, na waandishi wa toleo hili wanamwambia.

Na wakati ni huu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na Uholanzi na Hispania zikaongeza fungu lao. Mpango ni kupanua mto, kujenga daraja la juu Jangwani na kuligeuza bonde kuwa bustani ya jiji. Tunauunga mkono, kwa masharti matatu.

Sharti la kwanza: mstari wa mpaka wa bonde ukishachorwa, uwafunge wote, serikali ikiwa ya kwanza. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani kwenyewe, na mabasi ya umma yakazama humo. Huwezi kupaka alama ya X nyekundu kwenye kibanda cha mjane kisha jirani yake ukamwaga kifusi uweke mradi. Kifusi hicho hakiondoi maji, kinayasukumia kwa mwingine.

Sharti la pili ni la mpangaji. Naye ahesabiwe, hata kama hana karatasi ya kiwanja. Katika nyumba ya vyumba sita bondeni, mwenye nyumba huenda anaishi kwingine kabisa, na wanaolowa ni familia sita.

La tatu ndilo kubwa: pa kwenda pawe ni mahali ambapo mtu wa kipato cha siku anaweza kufika sokoni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kwa nauli anayoimudu. Ghorofa za kupangisha kwa bei nafuu karibu na Kariakoo zitagharimu kuliko viwanja vya pembezoni. Lakini kiwanja cha pembezoni ambacho mwenyewe atakiuza mwaka ujao kimegharimu zaidi, na masika yatamkuta palepale.

Wapo watakaosema tunadekeza wavunja sheria. Tunawapa nafasi katika toleo hili, na hoja yao ina uzito: anayekaa bondeni anahatarisha watoto wake, na anaziba njia ya maji ya wenzake. Jibu letu ni kwamba nguvu imeshajaribiwa. Ubomoaji wa mwishoni mwa 2015 uliangusha nyumba nyingi, na miaka michache baadaye watu walikuwa wamerudi.

Kwako wewe msomaji unayemtumia kijana wako hela anunue kiwanja Dar es Salaam, tuna ombi moja. Ukiambiwa bei imeshuka sana, usipeleke fedha kwa simu. Mwambie akakikague mwezi wa nne mvua ikiwa imekolea, asiende mwezi wa tisa. Awaulize majirani maji yalifika wapi mara ya mwisho, na aangalie vizingiti vya milango yao vimeinuliwa kiasi gani.