Nyoka akiingia nyumbani Vitshumbi, tusiachiwe fimbo peke yake



Kila mtoto wa Vitshumbi anajua kelele hii: «Nyoka! Nyoka! Leteni fimbo!» Mvua imenyesha, maji yamepanda, nyoka ametafuta pahali pakavu, ameingia chini ya kitanda ao ndani ya nyavu. Dakika tano, amekufa. Hakuna aliyeuliza kama ako na sumu ao hana. Siku ingine nyoka ndiye anatangulia, na hapo tunaanza kukimbia: jiwe jeusi, wembe, kamba ya kufunga mguu, kisha pikipiki ya kutafuta dawa ambayo mara mingi haiko.

Sisi vijana tunasema: katikati ya kuua kila nyoka na kuuza nyoka kwa siri, kuko njia ya tatu. Ni kufuga kwa uwajibikaji, mbele ya macho ya sheria. Leo njia hiyo imefungwa kwa kijana wa kwetu. Tunataka ifunguliwe.

Tusieleweke vibaya. Vitshumbi iko ndani ya Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na tangu 1979 ni urithi wa dunia. Pamoja na Kyavinyonge na Nyakakoma, sisi ni kati ya vijiji vya wavuvi vinavyotambuliwa kandokando ya Ziwa Edward upande wa Kongo. Walinzi wa mbuga wengi wamekufa kazini, na tunawaheshimu. Hatuombi mtu aingie porini na gunia.

Lakini tuangalie sheria inafanya nini kwa mtu mwenye nia nzuri. Sheria ya uwindaji ya 1982 na sheria ya uhifadhi ya 2014 zinataka ruhusa kwa kukamata ao kushika mnyama anayelindwa. Ni sawa. Swali letu ni: ruhusa hiyo inapatikana wapi, kwa nani, kwa bei gani?

Mwenzetu mmoja alisoma biolojia, akapata diploma, kazi hakuna. Alienda kwenye ofisi moja kuuliza afanye nini ili aruhusiwe kutoa nyoka ndani ya nyumba za watu, na kufuga wachache pahali salama kwa kufundisha wanafunzi. Wa kwanza alimwambia haiwezekani. Wa pili alimwambia inawezekana, lakini karatasi inatoka Kinshasa. Wa tatu alimuuliza ameleta nini. Akarudi Vitshumbi mikono mitupu. Kisha chatu mdogo akauliwa kwa mawe karibu na kwao, na picha ikazunguka kwenye WhatsApp kama ushujaa. Chatu hana sumu hata tone moja. Anakula panya.

Ile ndiyo sheria tunayoishi: anayeua nyoka anapigiwa makofi, anayetaka kumchunga anaambiwa arudi kesho.

Mutasema: «Wakati huu wa vita, munatuongelea nyoka?» Ndiyo, na ni juu ya vita. Mtu aliyekimbia na kulala chini ndani ya hema, mama anayetafuta kuni usiku, mvuvi anayetembea bila viatu: hao ndio nyoka anawauma. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliweka kuumwa na nyoka kati ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Linahesabu kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa juu ya sumu ya nyoka duniani. Wengine wengi wanabaki bila mguu ao bila mkono. Ni watu wa vijiji kama chetu.

Na dawa inatoka wapi? Inatoka kwa nyoka wanaofugwa. Mtu aliyefundishwa anakamua sumu, inaingizwa kidogo kidogo ndani ya farasi, damu ya farasi inatengeneza kinga, na kinga hiyo inasafishwa mpaka inakuwa dawa ya sindano. Bila mtu wa kufuga nyoka, hakuna dawa. Anayesema «tufunge ufugaji wote» ajue anafunga pia mlango huo.

Majirani wamekwisha kuelewa. Kenya, pale Watamu, kituo cha Bio-Ken kinafuga nyoka tangu 1980, na kimesaidia watu wengi walioumwa. Tanzania, pale Meserani karibu na Arusha, bustani ya nyoka ina kliniki inayotibu watu walioumwa. Zimbabwe iliruhusu wafugaji wa mamba kuokota mayai kwa masharti, na kurudisha sehemu ya mamba mtoni. Mwaka 1983 mkataba wa CITES ulilegeza ulinzi wa mamba wa Zimbabwe, juu biashara ilikuwa imewekwa chini ya macho ya serikali. Kongo iko ndani ya mkataba huohuo tangu 1976. Mkataba haukatazi kila kitu, unataka utaratibu.

Na sisi wenyewe tuko na somo la nyumbani. Viboko wa Virunga walikuwa karibu 30,000 katika miaka ya 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Sheria ya kuwalinda ilikuwepo wakati wote huo. Wenye bunduki hawakuisoma. Katazo peke yake halilindi mnyama, kama watu wanaoishi naye hawana faida ya kumuona anaishi.

Tunajua hatari. Nyoka anaweza kutoroka. Kuko walaghai watakaokamata vinyonga na nyoka porini, waseme wamezaliwa nyumbani, wauze nje. Ndiyo maana tunasema uwajibikaji. Nyoka wa sumu asifugwe nyumbani kwa watu, hata mwenye nyumba akijiita fundi. Mtoto asimshike kwa ajili ya picha. Nyoka aliyeingia nyumbani Vitshumbi arudishwe porini mbali na watu, pamoja na walinzi wa ICCN, asiuzwe. Atakayevunja masharti anyang'anywe ruhusa na apelekwe mbele ya sheria, hata akiwa mwenzetu.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, ruhusa ya kufuga itolewe hapa jimboni, bei yake ibandikwe ukutani, na jibu litoke kwa siku zinazojulikana. Pili, kituo kimoja cha nyoka kifunguliwe Goma, nje ya mbuga, na kazi ipewe vijana waliosomea biolojia na afya ya mifugo. Tatu, ICCN ifundishe watu wachache katika kila kijiji cha wavuvi namna ya kutoa nyoka bila kumuua na bila kuumwa. Ine, kituo cha afya cha Vitshumbi kiwe na dawa ya kupinga sumu.

Tukingojea, tuanze sisi wenyewe. Mtu akiumwa, musikate kidonda, musifunge kamba kwa nguvu, musipoteze saa kwa jiwe jeusi. Atulie, mguu usitembezwe, apelekwe kwa muganga haraka.

Na ukiona nyoka ndani ya nyumba, toa watoto, mwachie njia, ita mtu anayejua. Siku moja mtu huyo awe na karatasi mfukoni, na asiogope kuitwa.