Fedha za Halmashauri si Sadaka: Vituo vya Huduma Vilipwe kwa Mkataba

MFANYABIASHARA wa Ibadakuli anazifahamu kodi zake kwa majina. Ipo ya mapato, upo ushuru wa huduma, ipo leseni, upo ushuru wa mazao pale gunia la dengu, choroko au mpunga linapovuka kizuizi. Lakini ipo nyingine isiyoandikwa katika sheria yoyote, nayo hufika dukani ikiwa ndani ya bahasha. Ni barua ya kuomba mchango.

Barua hiyo hutoka kituo cha yatima, kikundi cha kuwahudumia wagonjwa majumbani, zahanati ya kanisa au ya msikiti, ama shule yenye watoto walemavu. Mwenye duka hutoa mfuko wa sukari, katoni ya sabuni au ndoo ya mafuta ya kula, kisha huandika gharama hiyo kichwani kwa sababu katika vitabu vyake haina mahali. Jirani yake, ambaye duka lake lina bidhaa mara tatu zaidi, huenda hatoi kitu. Kwa lugha ya biashara, hiyo ni kodi inayomwangukia mwenye huruma na kumwacha mwenye moyo mgumu.

Swali ambalo wafanyabiashara wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita wanapaswa kuliuliza ni hili: kama ushuru tayari unalipwa halmashauri, kwa nini vituo vinavyofanya kazi ambayo ingekuwa ya halmashauri vibaki kuishi kwa barua?

Mpango wa serikali kulipia huduma inayotolewa na taasisi isiyo ya faida si mgeni Tanzania. Tangu miaka ya 1970, wilaya zisizokuwa na hospitali ya serikali zimekuwa zikizitumia hospitali za makanisa kama hospitali teule. Kanisa hutoa majengo na usimamizi, serikali hutoa mishahara ya watumishi na fedha za uendeshaji. Utaratibu huo ulidumu hata pale serikali ilipopiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara mwaka 1977, na uliendelea baada ya marufuku hiyo kulegezwa mwaka 1991. Baadaye ikaja mikataba ya huduma, ambayo huiwezesha halmashauri kuingia makubaliano na hospitali au kituo cha afya cha taasisi ya dini.

Wakazi wa Ibadakuli hawahitaji kwenda mbali kuona uzito wa taasisi hizo. Katika manispaa hiyo hiyo ipo hospitali ya Kolandoto, ya kanisa la Africa Inland, iliyotokana na misheni iliyoanza mwaka 1913. Ilikuwapo kabla ya halmashauri. Ilikuwapo serikali za mitaa zilipofutwa mwaka 1972, na ilikuwapo ziliporejeshwa kazini mwaka 1984. Huduma ya namna hiyo ni sehemu ya mtaji wa mji, kama zilivyo reli na uwanja wa ndege wa Ibadakuli.

Tatizo la mtindo huu liko katika hesabu. Sera ya taifa inasema mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee asiye na uwezo watibiwe bila malipo. Hospitali ikimtibu mtu huyo, dawa imetumika, umeme umetumika, muuguzi amekesha. Kama fedha za kufidia hazikuja, au zimekuja nusu, kituo kina njia tatu tu: kupandisha bei kwa wagonjwa wanaolipa, kupunguza dawa, au kukopa kwa wauzaji. Msamaha uliotolewa na sera hulipwa hapo na mgonjwa mwingine, au na mwenye duka la dawa.

Mfano wa Buhangija unafundisha jambo jingine. Baada ya mauaji ya watu wenye albino kushika kasi mwaka 2007 hadi 2009, shule ya Buhangija katika Manispaa ya Shinyanga ilipokea watoto waliokimbizwa usalama kutoka wilaya mbalimbali, hata idadi yao ikapita mia mbili. Ni shule ya serikali, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mahitaji ya watoto hao, kuanzia mabweni hadi chakula na mafuta ya kukinga jua, imebebwa na mashirika, makampuni, waumini na watu binafsi.

Michango hiyo iliokoa watoto, na hakuna wa kuibeza. Lakini mchango una msimu wake. Unga, mchele na sukari huingia kwa wingi Krismasi, Pasaka na Idi, pamoja na wapiga picha. Mtoto hali kwa kalenda ya sikukuu. Jua la Shinyanga nalo haliungui Desemba peke yake. Mafuta ya Kilisun, yanayotengenezwa Moshi, yanatakiwa Machi na Septemba vile vile. Mfanyabiashara anajua kuwa bidhaa inayohitajika kila siku haiagizwi kwa bahati nasibu.

Upande wa Geita kuna sura nyingine. Kilimanjaro Challenge, mpango wa kupanda mlima ulioanzishwa na Geita Gold Mine mwaka 2002 kuchangia mapambano ya UKIMWI, umekuwa ukigawa fedha kwa asasi za kijamii, kikiwamo kituo cha watoto cha Moyo wa Huruma kinachoendeshwa na Jimbo Katoliki la Geita. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalikwenda mbali zaidi: kila mwaka mwenye leseni ya uchimbaji anatakiwa kuandaa mpango wa huduma kwa jamii na kuukubaliana na halmashauri. Aidha, katikati ya miaka ya 2010 migodi mikubwa iliacha utaratibu wa zamani wa kulipa halmashauri dola 200,000 za Marekani kwa mwaka, ikaanza kulipa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo.

Fedha hizo zimebadili sura ya halmashauri za Geita na Kahama. Hata hivyo, mgodi una mwisho. Buzwagi, uliokuwa ukiipa Kahama sehemu ya mapato yake, uliingia katika ufungaji mwaka 2021. Mzee aliyekuwa akihudumiwa Kahama mwaka 2020 hakufungwa pamoja na mgodi. Kituo kilichojengwa juu ya ukarimu wa mgodi mmoja kina hatari ile ile ya duka lenye mteja mmoja.

Wafadhili wa nje nao wametoa somo. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na ilipofika Julai 1, 2025 shirika la USAID likafunga shughuli zake. Asasi zilizozoea kupokea fedha hizo nchini zilijikuta na watumishi wasio na mishahara na wagonjwa wasio na wa kuwafuatilia. Wahenga walishasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Sasa zije tarakimu. Chukulia kituo cha mfano chenye watu 100 wanaolala na kula hapo. Chakula kikigharimu shilingi 2,000 kwa mtu kwa siku, kituo kitatumia shilingi 200,000 kwa siku, shilingi milioni sita kwa mwezi wa siku 30, na shilingi milioni 73 kwa mwaka. Kwa kiwango kile cha asilimia 0.3 ambacho migodi ilianza kulipa, fedha hizo ni ushuru wa huduma unaotokana na mauzo ya shilingi bilioni 24.3. Halmashauri ikiamua kubeba theluthi moja tu, inahitaji ushuru wa mauzo yapatayo bilioni nane. Si fedha ndogo kwa mji wa wauza mchele na pamba, lakini si mlima usiopandika, hasa ukikumbuka kuwa mchele, maharage na mafuta yatanunuliwa katika maduka hayo hayo yaliyolipa ushuru.

Hapa ndipo maslahi ya mfanyabiashara yanapoonekana waziwazi. Muuzaji anayepeleka bidhaa za milioni sita kituoni kwa mkopo, akalipwa baada ya miezi sita, na mtaji wake ni wa benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, atakuwa amelipa riba ya shilingi 540,000. Kama faida yake ilikuwa asilimia tano, alitarajia shilingi 300,000. Amefanya kazi miezi sita kupata hasara ya 240,000. Mara ya pili atakataa, au ataongeza bei. Akiongeza bei, kituo kitanunua chakula kidogo kwa fedha ile ile. Kwa hiyo malipo yanayochelewa hayamwokolei mlipa kodi hata senti moja. Yanapunguza sahani ya mtoto na mtaji wa mwenye duka kwa pamoja.

Ugonjwa huu si wa Afrika peke yake. Jiji la New York limelaumiwa miaka mingi kwa kuchelewesha malipo ya asasi zinazohudumia wazee na wasio na makazi, hata baadhi yake zikalazimika kukopa benki ili kulipa mishahara. Nako Uingereza, halmashauri ya jiji la Birmingham ilitangaza Septemba 2023 kuwa haiwezi tena kugharimia matumizi mapya yasiyo ya lazima kisheria, na asasi zilizoitegemea zikaingia mashakani. Mkataba bila bajeti ya kweli ni karatasi tu.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza watasema asasi nyingi ni za mfukoni: ofisi yake ni mkoba, mwenyekiti ni mume, mhazini ni mke. Ni kweli zipo. Lakini dawa yake haipatikani katika mtindo wa barua na bahasha, ambao hauna mkaguzi wala stakabadhi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inataka usajili na taarifa za kila mwaka. Halmashauri inaweza kuanzia hapo: asiyekuwa na taarifa, asipate mkataba.

Wa pili wataikumbusha mikopo ya asilimia 10. Sheria ilivyorekebishwa mwaka 2018 iliziagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo kutokana na vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, kisha ikairejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Somo lililopo ni kwamba fedha ikitolewa kwa majina, bila kitu cha kuhesabu, hupotea. Mkataba wa huduma una kitu cha kuhesabu: watu waliolala, wagonjwa waliotibiwa, sahani zilizopikwa. Ofisa anaweza kufika saa saba mchana bila taarifa akahesabu vichwa. Ikumbukwe pia kwamba mikopo ni ya mwenye nguvu ya kufanya biashara. Mzee wa miaka 80 hawezi kukopeshwa uji.

Wa tatu, wengi wao wafanyabiashara wenyewe, watasema ni bora ushuru upunguzwe kila mtu atoe sadaka kwa hiari. Ushuru usio na maelezo unastahili kupigiwa kelele, na historia inaonyesha kelele husaidia: kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na ushuru wa mazao ukashushwa mwaka 2017 kutoka asilimia tano hadi tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa mazao ya chakula. Lakini kupunguza ushuru hakuondoi bahasha dukani. Huiongeza.

Linalotakiwa si jambo kubwa. Halmashauri iwe na kifungu kimoja katika bajeti yake, kinachoonekana, cha kununua huduma kutoka taasisi zisizo za faida. Kiasi chake na majina ya wanaolipwa vibandikwe katika mbao za matangazo za kata. Mkataba uwe wa miaka mitatu, malipo yawe kila robo mwaka mwanzoni mwa robo, si mwishoni. Kituo nacho kibanwe kumlipa muuzaji ndani ya siku 30 na kununua mjini pale bei inaporuhusu. Diwani mwenye kiti katika bodi ya kituo atoke nje wakati wa kupiga kura. Mkaguzi apewe vitabu.

Jumuiya za wafanyabiashara nazo zisisubiri kualikwa. Mapendekezo ya bajeti hupita katika vikao vya kata kabla ya kufika baraza la madiwani, na mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Anayesubiri hadi Juni amechelewa. Mwenye duka wa Ibadakuli aliyehifadhi stakabadhi zake za ushuru azibebe aende nazo kikaoni, aulize swali moja: katika fedha hizi, ngapi zimemfikia mgonjwa, yatima na mzee, na zilimfikia mwezi gani?

Sadaka itaendelea kuwapo, na iwepo, kwa kuwa ni ya mtu na Mungu wake. Lakini chakula cha mtoto wa Jumanne ya kawaida mwezi Machi ni deni la mji mzima, na dawa ya deni ni kulipa.